Barua ya wazi kwa watunzaji wa sanamu za watoto wa Malkia Victoria

Kwa wakuu wa makumbusho na majumba ya kihistoria ya Uingereza,

YAH: VIBAO VYA MAELEZO KWENYE SANAMU ZA KAURI ZA WATOTO WA KIFALME

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mfinyanzi. Nimezaliwa Upareni kwa wanawake wafinyanzi, na sasa riziki yangu naipata Stoke-on-Trent, mji wa viwanda vya udongo huko Staffordshire, Uingereza, ambako kazi yangu ya kila siku ni kumimina udongo wa majimaji kwenye kalibu za plasta, kufungua kalibu, kukwangua mishono na kuunganisha vipande kabla ya kwenda jokoni. Nakala ya Kiingereza ya barua hii nimekwisha kuwatumia. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa sababu Waswahili wanaokata tiketi kuingia kwenye majumba yenu, pamoja na wale wanaosimama humo kutwa kwa ulinzi au kupiga deki milango ikishafungwa, si wachache, nao wana haki ya kujua naomba nini.

Ombi lenyewe ni hili. Pale mlipoweka sanamu ya kauri ya mtoto wa kifalme aliyepewa umbo la majira ya mwaka, kibao chenu hutaja mtoto ni nani, anawakilisha nini, mchongaji ni nani, na mara nyingine kiwanda. Kinaishia hapo. Ongezeni mstari mmoja au miwili kuhusu mikono iliyoitengeneza sanamu hiyo, na kuhusu watoto waliokuwa wakifanya kazi katika viwanda vya udongo vya Staffordshire miaka hiyo hiyo. Siombi mziondoe. Nazipenda sanamu hizi, pengine kuliko baadhi yenu mnaozifuta vumbi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuziona, habari yake ni hivi. Miaka ya 1840 Malkia Victoria na mumewe Albert walimpa kazi mchongaji mwanamke, Mary Thornycroft, awachonge watoto wao wanne wa kwanza wakiwa majira manne ya mwaka. Alice akawa Machipuko. Victoria, binti mkubwa aliyepewa jina la mama yake, akawa Kiangazi. Alfred akawa Mapukutiko, na Albert Edward, mrithi wa kiti cha ufalme, akawa Kipupwe. Walikuwa wadogo kweli kweli: mkubwa wao alizaliwa Novemba 1840 na wa mwisho kati ya hao wanne Agosti 1844. Sanamu za marumaru ziliwekwa Osborne, nyumba ya familia kwenye kisiwa cha Wight. Baadaye wadogo zao nao wakapata zamu yao. Helena alichongwa akiwa Amani, Louise akiwa Neema, Arthur akiwa mwindaji, na Leopold akiwa mtoto wa mvuvi.

Thornycroft anastahili heshima anayopewa. Alizaliwa 1809 huko Norfolk, baba yake John Francis akiwa mchongaji, na akaolewa na mchongaji mwingine, Thomas Thornycroft, yule ambaye kundi lake la shaba la Boadicea, malkia wa kale wa Waingereza, juu ya gari lake la farasi, liko hadi leo kando ya daraja la Westminster. Mary alilea watoto saba huku patasi ikiwa mkononi, na baadaye akamfundisha Binti Louise uchongaji. Mama huyo alijua mwili wa mtoto. Tazameni miguu ya sanamu zake: kisigino kile kilichonenepa, vidole vya mguu vinavyojikunja kidogo kwa sababu mtoto hajazoea kusimama kwa muda mrefu. Hapo Osborne kuna pia mikono na miguu ya watoto hao wakiwa wachanga, imechongwa kwa marumaru peke yake, kiungo kimoja kimoja. Wageni wengine wanaona inatisha. Mimi sioni hivyo. Mzazi akiwa na fedha ya kumzuia mtoto asikue, hata kwa kiganja tu, atailipa.

Sasa tuje kwenye kauri. Marumaru ni ya tajiri, na sanamu moja ya marumaru inakaa mahali pamoja. Miaka hiyo hiyo ya 1840 viwanda vya Staffordshire vilipata aina mpya ya kauri iliyofanana na marumaru kiasi cha kupewa jina la kisiwa cha Ugiriki cha Paros, kilichosifika tangu kale kwa marumaru yake nyeupe. Wakaiita pariani. Viwanda vya Copeland na Minton vyote vilidai kuwa vya kwanza, na ugomvi huo siingilii. La muhimu ni kwamba mwanasheria wa Manchester au mwenye duka wa Leeds sasa aliweza kuweka juu ya meza ya sebuleni sanamu nyeupe isiyong'aa, laini kama ngozi, yenye uso wa mtoto wa Malkia. Vilikuwepo hata vyama vya sanaa ambavyo mwanachama alilipa gini moja, fedha ya Kiingereza ya zamani, kwa mwaka, kisha majina yakapigiwa kura ya bahati na washindi wakapewa picha au sanamu. Chama cha London kilichoanzishwa 1837 ndicho kilichoipa pariani soko lake la mwanzo. Kwa njia kama hizo zile sanamu za majira nazo zikatoka kasri zikaingia majumbani kwa watu.

Niwaeleze jinsi kitu hiki kinavyotengenezwa, maana ndipo penye hoja yangu. Udongo mweupe ulitoka Cornwall kwa meli hadi mto Mersey, ukapandishwa kwa mashua za mfereji wa Trent na Mersey uliokamilika 1777. Ulichanganywa na jiwe la feldispa lililosagwa, ukatiwa maji hadi ukawa mzito kama uji wa mtoto, ukachujwa. Sanamu haimiminwi nzima. Fundi huikata sanamu ya mfano katika vipande, kichwa peke yake, mkono peke yake, mguu, ukingo wa vazi, ua lililo mkononi, na kila kipande kinapata kalibu yake ya plasta, na kalibu yenyewe ina pande mbili, tatu au zaidi. Unamimina, unasubiri. Plasta inafyonza maji, udongo unaganda ukutani mwa kalibu kwa unene unaoutaka, kisha unamwaga uliobaki. Ukiwahi kufungua, kipande kinalegea na kuanguka. Ukichelewa, kinabana na kupasuka. Hakuna saa ya ukutani inayokuambia. Unagusa mdomo wa kalibu kwa ncha ya kidole.

Baada ya hapo vipande vinaunganishwa kwa udongo ule ule wa majimaji, na kila mahali pande mbili za kalibu zilipokutana panabaki mstari mwembamba. Mstari huo unakwanguliwa kwa kisu na kulainishwa kwa sifongo. Mahali pagumu kuliko pote ni nyuma ya sikio. Halafu yanakuja mategemeo. Pariani ikiwa jokoni hulainika na kusinyaa karibu robo ya kimo chake, kwa hiyo mkono uliochomoza lazima ushikiliwe kwa kijiti cha udongo ule ule, ili kijiti na mkono visinyae pamoja. Ukitumia udongo mwingine, mkono unang'oka. Sanamu ikitoka, kijiti kinatolewa na alama yake inasuguliwa. Siku mkiigeuza sanamu yenu moja chini ya taa, tafuteni chini ya kwapa au chini ya kiganja, mtakuta kovu dogo ambalo mtu alijaribu kulificha. Mtu huyo alikuwa na jina. Lilikuwa kwenye daftari la mishahara la kiwanda, na madaftari mengi ya namna hiyo yamekwisha kupotea, lakini si yote, na kazi ya kuyatafuta ni yenu kuliko yangu.

Nimesema nazipenda sanamu hizi. Ninachokosana nacho ni maelezo yanayozungumzia utoto usio na doa na mapenzi ya Malkia kwa mashambani, basi. Maana mkitazama vizuri, majira ya mwaka kwenye sanaa ya Ulaya ni hadithi ya kazi. Kiangazi ni mavuno ya ngano, Mapukutiko ni zabibu, Kipupwe ni kuni na moto. Mtoto wa kifalme anapopewa umbo la Kiangazi anapewa vifaa vya mtu anayefanya kazi.

Ushahidi mzuri kuliko wote hauko kwenye kauri bali kwenye mchezo ambao watoto wenyewe waliwachezea wazazi wao. Tarehe 10 Februari 1854, siku ya kumbukumbu ya ndoa ya Victoria na Albert, watoto walionyesha majira manne pale kasri la Windsor, wakiwa wamevaa na kusimama kama picha zilizo hai. Alice akamwaga maua. Alfred alivaa taji la majani ya mzabibu na ngozi ya mnyama. Albert Edward alikuwa mzee wa Kipupwe, ana ndevu nyeupe na joho lenye theluji ya kuigiza, na Louise mdogo amefunikwa nguo nzito anatazama moto. Roger Fenton akawapiga picha, mwaka mmoja kabla hajaenda kupiga picha za vita vya Crimea. Katika picha ya Kiangazi, Arthur, mwenye miaka mitatu, alilazwa juu ya miganda ya ngano, na mgeni mmoja wa kasri aliyeshuhudia aliandika kwamba alilala kana kwamba amechoshwa na jua na kazi ya mavuno.

Mtoto wa miaka mitatu akiigiza uchovu wa kibarua. Sina hasira naye, alikuwa mtoto, na nina hakika alikuwa mzuri kupindukia. Lakini kama mnataka kuonyesha sanamu hizi, onyesheni na upande wa pili wa uchovu huo, ambao mnao kwenye makabrasha, umechapwa, tena kwa jina la mama yake.

Miaka ya 1840 na 1841 mkaguzi aitwaye Samuel Scriven alizunguka miji ya wafinyanzi ya Staffordshire, Burslem, Hanley, Longton na mingine, akiwahoji watoto kiwandani. Alitumwa na tume ya kuchunguza ajira za watoto iliyoundwa kwa jina la Malkia. Hapo ndipo zilipoandikwa habari za wakimbiza kalibu. Fundi wa sahani alikuwa na mtoto wake wa kazi, na mara nyingi mtoto huyo hakuajiriwa na kiwanda bali na fundi mwenyewe. Fundi akimaliza kubandika udongo juu ya kalibu, mtoto anaichukua mbio hadi chumba cha kukaushia chenye jiko linalowaka katikati, anaiweka rafuni, anachukua iliyokauka, anarudi mbio. Kutwa nzima. Na kwa kuwa mafundi wengi walipumzika Jumatatu, na wengine hadi Jumanne, kazi ya juma lote ilisukumwa kwenye siku zilizobaki, na mtoto akakimbia kwa saa nyingi zaidi ili kufidia pombe asiyoinywa.

Miaka 20 baadaye tume ya pili ikapita. Ripoti yake ya 1863 ina habari za mtoto mmoja aitwaye William Wood. Alikuwa na miaka 9. Alianza kazi akiwa na miaka 7 na miezi 10, na tangu siku ya kwanza alikuwa akikimbiza kalibu. Alifika kazini saa kumi na mbili asubuhi na kutoka kama saa tatu usiku, kila siku ya juma la kazi. Hizo ni saa 15. Daktari mmoja wa Hanley, Boothroyd, aliiambia tume hiyo kwamba kila kizazi cha wafinyanzi kilikuwa kifupi na dhaifu kuliko kilichotangulia. Wenye viwanda wenyewe walifika mahali pa kuiomba Serikali itunge sheria. Kampuni 26, Wedgwood ikiwemo, zilisaini ombi hilo, kwa hoja kwamba ushindani hauwaruhusu kupunguza saa za watoto kwa hiari yao. Sheria ilipitishwa 1864. Ilikataza walio chini ya miaka 8, na wale wa miaka 8 hadi 13 ikawaweka nusu kazini nusu shuleni.

William Wood, kwa hesabu ya umri wake, ni rika la Leopold, aliyezaliwa Aprili 1853. Leopold ni yule aliyechongwa akiwa mtoto wa mvuvi. Na Leopold naye hakuwa na utoto mwepesi. Alikuwa na ugonjwa wa damu isiyoganda, jeraha dogo lingeweza kumuua, na alifariki akiwa na miaka 30. Sitaki kuwashindanisha. Nataka wakae kwenye kibao kimoja.

Najua jibu mtakalonipa, kwa sababu nimekwisha kupewa. Makumbusho moja, sitaitaja, ilinijibu kwa adabu kwamba wakimbiza kalibu walikuwa wa sahani na vikombe, wala si wa sanamu, kwa hiyo kuwataja kando ya sanamu kungempotosha mgeni. Ni hoja ya mtu anayejua kazi, na sehemu yake ni kweli: kumimina na kuunganisha sanamu ilikuwa kazi ya mafundi wakubwa, waliolipwa vizuri kuliko wengine kiwandani. Lakini aliyeandika jibu lile hajawahi kufanya kazi kwenye yadi ya udongo. Viwanda vikubwa vilivyotoa pariani ndivyo vilivyotoa sahani. Geti ni moja, moshi ni mmoja. Sanamu ya pariani ilikuwa bidhaa ya fahari, ya kupeleka maonyesho makubwa ya 1851 kule Hyde Park na kurudi na medali, na kampuni ingemudu fahari hiyo kwa sababu kulikuwa na sahani maelfu kwa maelfu zinazouzwa hadi Marekani. Anayesema mkimbiza kalibu hahusiki na sanamu anaigawa yadi kwa kuta ambazo hazikuwepo. Tena siombi muandike kwamba William Wood alitengeneza Kipupwe. Naomba muandike kwamba viwanda vya mji ule, katika miaka ile, viliendeshwa kwa miguu ya watoto. Hilo halina ubishi.

Jibu la pili huwa ni nafasi, kwamba kibao kina maneno machache na mgeni hasomi. Hili silikubali hata kidogo. Vibao vyenu vinapata nafasi ya kutaja cheo cha kila mtoto, alioa nani, aliolewa na nani. Kama nafasi ipo ya kusema Alfred alikuja kuwa Mtawala wa Saxe-Coburg na Gotha, ipo pia ya kutaja joko.

Wenzangu Waswahili huniuliza, dada, yanatuhusu nini haya ya Wazungu na vitoto vyao vya udongo? Swali zuri, na kwa kuwa nao wanasoma barua hii, nitalijibu kabla sijaendelea. Yule binti Kiangazi aliolewa Ujerumani 1858, na mwaka uliofuata akamzaa Wilhelm wa Pili. Huyo ndiye Kaisari ambaye kwa jina lake bendera ilipandishwa Tanganyika, na kwa jina lake Majimaji ilizimwa kwa moto na njaa kati ya 1905 na 1907. Kipupwe, mjomba wake, ndiye Mfalme Edward wa Saba, ambaye jina lake lilitawala Kenya, Uganda na Unguja hadi 1910. Yaani wale watoto wawili waliosimama pamoja kwenye rafu moja ya sebule, mmoja ni mama wa mtawala wa kusini mwa mpaka wetu na mwingine ndiye mtawala wa kaskazini. Wazee wetu walibeba mizigo ya pande zote mbili.

Halafu kuna hili, ambalo kila nikilisimulia watu wa Kigoma hucheka. Mary Thornycroft alikuwa na mtoto wa kiume, John Isaac, aliyeacha uchongaji wa nyumbani akafungua karakana ya kutengeneza boti za mwendo kasi. Mwaka 1915 Waingereza walipotaka kuwatoa Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika, walichukua boti mbili za kampuni ya Thornycroft, wakazipa majina ya Mimi na Toutou, wakazisafirisha hadi Cape Town, wakazipandisha treni na kuzikokota kwenye misitu ya Katanga kwa nguvu za Wakongo wengi hadi ziwani. Desemba mwaka huo waliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Mama alimchonga Kiangazi, na boti za kampuni ya mwanawe zikaenda kupigana na meli za mtoto wa Kiangazi, kwenye maji yetu. Sidai kwamba hili liandikwe kwenye kibao. Nimelitaja kwa wanaodhani sanamu hizi ni mambo ya watu wengine.

Mtoto mwingine wa Mary ndiye anayenipa matumaini na ombi langu. Hamo Thornycroft alifuata kazi ya wazazi, na 1884 alionyesha sanamu ya mkata majani, kijana wa shamba aliyesimama na fyekeo lake, kofia kichwani na viatu vizito miguuni, mwili umelegea kama wa mtu aliyepumzika dakika mbili na atarudi kazini. Ni sanamu ya ukubwa wa mtu mzima, nayo huhesabiwa miongoni mwa za kwanza Uingereza kumpa kibarua wa kawaida kimo hicho. Iko Liverpool, Walker Art Gallery. Kati ya mama na mwana ilipita miaka kama 40. Mama alilipwa kumvalisha mtoto wa mfalme mavuno. Mwana akamwacha mvunaji awe yeye mwenyewe. Kama familia moja iliweza kusogea hivyo, karne moja na nusu baadaye kibao cha karatasi kinaweza kusogea pia.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na najua mengine yana gharama. Kibao kwanza, hicho hakina gharama ya kusema. Pili, pale mlipo na kalibu za zamani za plasta stoo, toeni hata moja, muiweke kando ya sanamu ndani ya kabati lile lile la kioo, ikiwa wazi, ili mgeni aone nusu ya uso ikiwa shimo. Watu wengi sana wanaamini kwamba sanamu hizi huchongwa kwa kisu kutoka kwenye bonge la udongo, na hakuna anayewaambia. Kama hamna kalibu, ombeni Stoke. Majoko ya umbo la chupa yaliyobaki mjini hapa hayafiki 50, wakati zamani yalikuwa maelfu na moshi wake ulificha jua mchana. Lakini kalibu bado zipo, zimejaa kwenye maghala, nyingine zinatupwa. Makumbusho ya Gladstone pale Longton yanaonyesha kazi yote kwa vitendo, na watu wake wangewasaidia kwa furaha.

Tatu, maneno ya watoto waliohojiwa na Scriven, na wale waliohojiwa kwa ripoti ya 1863, yarekodiwe kwa sauti za watoto wa shule za Stoke wa leo, mgeni ayasikie anapoitazama sanamu. Watoto wa hapa siku hizi wana asili za kila namna, Pakistani, Poland, Nigeria, na Waswahili wetu wapo. Wana lafudhi ile ile ya Potteries, yaani ya miji hii ya wafinyanzi, ambayo William Wood angeitambua. Ripoti hizo ziliwasilishwa Bungeni kwa amri ya Malkia Victoria, imeandikwa hivyo kwenye ukurasa wake wa kwanza, kwa hiyo asitokee mtu akasema tunamchafulia jina. Yeye mwenyewe aliagiza zote mbili, sanamu na ripoti. Ni ninyi mliozitenganisha, moja mkaiweka kwenye kioo, nyingine maktaba.

Na tafadhali, mnapoamua, msituite sisi wafinyanzi baada ya kibao kuchapwa ili tupige picha ya kukizindua. Tuiteni kikiwa bado rasimu. Mafundi wastaafu wa hapa wanajua kwa kugusa tu kama kitu kimemiminwa au kimebanwa, na wengine wana majina ya mababu zao kwenye madaftari niliyoyataja. Hawana shahada, na barua pepe hawasomi. Wanapatikana asubuhi kwenye soko la Longton.

Ili msinijibu tena habari ya nafasi, rasimu ya kibao kimoja nimeiandika mwenyewe. Ni ya Kipupwe. Tatu zilizobaki mnaweza kuzifuatisha:

KIPUPWE. Albert Edward, aliyezaliwa 1841, baadaye Mfalme Edward wa Saba, katika umbo la majira ya baridi. Pariani, kutokana na sanamu ya marumaru ya Mary Thornycroft. Udongo ulichimbwa Cornwall. Sanamu ilimiminwa kwa vipande katika kalibu za plasta, ikaunganishwa, ikategemezwa na kuchomwa Staffordshire na mafundi ambao majina yao bado tunayatafuta. Viwanda vya huko viliajiri watoto wa miaka saba na minane, waliokimbia na kalibu kati ya meza ya fundi na chumba cha moto hadi saa 15 kwa siku. Sheria ya kuwalinda ilipatikana 1864. Angalia alama ya kitegemeo chini ya mkono.

Mstari wa mwisho mtauhakikisha kwanza kwenye sanamu yenu. Nawaombeni majibu kwa maandishi, na nitayaweka hadharani kama nilivyoiweka barua hii.

Wenu katika kazi,

Mfinyanzi, Stoke-on-Trent